Makaroni Yana Wenyewe

Kwetu Mombasa makaroni yana wenyewe. Huchemshwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, yakaliwa watu wakifuturu, na sijasikia mtu akilalamika. Kwa hiyo binti wa dada yangu alipoomba makaroni ya jibini ya kuoka, yale aliyoyaona kwenye simu, alikuwa amechokoza nyuki bila kujua.

Mapishi yenyewe hayana uganga. Unachemsha makaroni na kuyachuja yakingali magumu kidogo, maana yatamalizia kuiva kwenye oveni. Unakaanga unga kwa siagi, unamimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka sosi iwe nzito. Kisha unaepua, ndipo unatia jibini. Kuepua huko kuna sababu: sosi ikiwa inatokota, jibini hufanya madonge na mafuta yakajitenga. Unachanganya vyote, unamwaga kwenye trei, unanyunyiza jibini zaidi juu, unaoka kwa nyuzi 180 kama nusu saa.

Maelekezo hayo yameandikwa na mtu asiye na shangazi. Wangu alipita jikoni, akaona sufuria imeepuliwa, akairudisha motoni na jibini ndani. "Mchuzi huu haujachemka, mwanangu, utatuumiza matumbo." Madonge yakaja kama yalivyoahidiwa.

Mlango ukabishwa, nikaenda kumfungulia mjomba. Niliporudi, mamangu alikuwa amesimama mbele ya makaroni yaliyochujwa, mkononi kijiko, jikoni kote kunanukia iliki.

"Yalikuwa chapwa," akasema. "Nimeyatilia sukari."

"Mama, haya ni ya chumvi."

Akanitazama kwa huruma. "Basi tia na chumvi. Nani amekukataza?"

Hayakuwa na dawa tena. Nikachanganya, nikasukuma trei ndani, na jibini ilipoanza tu kuyeyuka, stima zikapotea. Oveni ya umeme bila stima ni kabati.

Hapo mamangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akawasha mkaa, akahamishia kila kitu kwenye sufuria pana, akafunika, akapalia makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini, kama aokavyo mkate wa kumimina. Alipofunua, jibini ilikuwa imepiga rangi ya dhahabu ambayo oveni yangu haijapata kuitoa.

Tukaandaa. Mjomba akachungulia sufuria, akaonja kidogo, akafuta mdomo, kisha akauliza kwa adabu zote, "Na chakula kinakuja saa ngapi?"

Nikaamua kumsomesha historia. Nikamwambia kwamba hata Rais Thomas Jefferson wa Marekani aliwaandalia wageni wake makaroni ya kuoka mwaka 1802, na leo huko kwao kuna nyumba ambazo sikukuu ya Thanksgiving haiwi sikukuu bila hayo. Mjomba akataka kujua hao wageni wa rais walisemaje. Sikuweza kumdanganya. Mmoja wao, mbunge Manasseh Cutler, aliandika katika shajara yake kwamba yalikuwa na ladha kali na hayakumpendeza. Alidhani yametiwa vitunguu.

"Mzee msema kweli huyo," akasema mjomba. "Mungu amrehemu."

Watoto walikomba sufuria mpaka ukoko. Binti wa dada akatangaza kwamba yanashinda yale ya kwenye simu, kwa sababu yana utamu fulani asioujua. Mamangu alikuwa anaujua, na jioni yote hakutuacha tuusahau.

Kwa hiyo msomaji, ukitaka kuwapikia watu wako makaroni ya jibini, funga mlango wa jikoni, weka mkaa tayari, na ubandike wali na mchuzi pembeni. Watu wetu watakuonjea kigeni kwa heshima, lakini kushiba wanashiba wali.