Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Kazi: Naomba Kuendelea Kujaribiwa

Kamishna wa Kazi,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

YAH: OMBI LA KUBAKI KWENYE MAJARIBIO MPAKA NISTAAFU

Somo la hapo juu lahusika.

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika kambi moja ya watalii upande wa Ikoma, na barua hii naiandikia Mugumu mjini. Mkataba wangu ulisema majaribio ni miezi 6. Tangu hapo nyumbu wameelekea kaskazini, wakarudi, wakazalia Ndutu, wakapita tena na watoto wao, na mimi bado najaribiwa. Sina barua ya kuthibitishwa, ya kuongezewa muda wala ya onyo. Siandiki kulalamika, Ndugu Kamishna. Nashukuru.

Nimeisoma Kanuni ya 10 ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Majaribio yawe ya muda wa kuridhisha, yasizidi miezi 12. Mwajiri amtathmini mfanyakazi, akutane naye mara kwa mara, amwelekeze. Akitaka kuongeza muda, washauriane kwanza. Vikao hivyo kwetu vipo. Meneja akishuka kwenye gari huniuliza, "Vipi, mzima?" Nami hujibu kuwa mzima. Tathmini imekamilika.

Na miezi 12 ikipita mwajiri kakaa kimya? Hapo kanuni nayo inakaa kimya. Waliokwenda kuuliza wameshajibiwa: mwaka 2019, katika rufaa ya madai Na. 61 ya 2016 iliyomhusu mfanyakazi wa benki, Mahakama ya Rufani ilisema kuisha kwa muda wa majaribio peke yake hakumfanyi mtu awe amethibitishwa. Siwalaumu majaji, wamesoma kilichoandikwa. Aliyeandika ndiye aliyeacha zizi wazi, na sisi wa Serengeti tunajua usiku huingia nani.

Kinachonishangaza ni haraka ya wengine. TRA hawakunijaribu hata siku moja; mshahara wa kwanza tu, kodi ikakatwa. NSSF vilevile. Bodi ya Mikopo ilinithibitisha kwa asilimia 15 bila kumuuliza meneja ananionaje. Serikali nzima inanitambua kuwa mwajiriwa, mpaka siku nitakapofukuzwa, ndipo itaulizwa kama nilikuwa nani hasa.

Afisa mikopo wa benki naye alitaka barua ya kuthibitishwa. Nikamweleza kwamba ninayo ya mdomo, ile ya "mzima?" Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje anione.

Kwa kuwa utaratibu huu ni mzuri, niliupeleka Tarime kwa mzee ambaye nataka kumuoa binti yake. Nikapendekeza nimchukue binti kwa majaribio ya miezi 6, ng'ombe wabaki kwetu, na muda ukiisha kila mtu anyamaze. Mzee aliinuka kutafuta fimbo. Mzee huyu bado hajaelewa sheria za kazi.

Walioharibu kabisa ni majirani. Ukivuka Sirari tu, unakuta Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007: majaribio miezi 6, nyongeza isizidi 6 mingine, tena mfanyakazi akubali, na mwajiri amekatazwa kupitiliza hapo. Ndugu zetu wa upande ule wanakosa raha ya kuamka kila asubuhi wakiwa wapya kazini.

Kwa hiyo nakuomba, usiishauri Serikali iongeze ile sentensi moja kwenye Kanuni ya 10, kwamba muda ukiisha, mwajiri hajasema kitu na mtu anaendelea kupangiwa zamu, basi amethibitishwa. Mameneja wangelazimika kusoma kalenda. Badala yake, tupeni na sisi nafasi hiyo ya kujaribu: PAYE niijaribu kwanza nione kama inanifaa, na mkopo wa Bodi niulipe nikisharidhika na mwenendo wake.

Nasubiri jibu. Ikipita miezi 12 hujajibu, sitahesabu kwamba umekubali, wala kwamba umekataa. Nitaendelea kusubiri na zamu yangu ya usiku nitaingia kama kawaida.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa Majaribio,
Mugumu, Serengeti.

Nakala: Mzee, Tarime – aone kuwa suala linashughulikiwa.