Kila Mtu Ana Sikio, Mwenye Spana Hayupo

Kwa muda wa miezi miwili, mtaani kwetu Kimara hapakuwa na haja ya kuuliza kama nimerudi kazini. Nikifika kona ya muuza mkaa na kugusa breki, gari langu lilitoa sauti ya mbuzi aliyetambua kwamba kesho ni Idi. Mtoto wa jirani anaamka. Kuku wanatawanyika. Mlinzi wa nyumba ya pili, ambaye haamshwi na chochote, wizi ukiwemo, anakaa kitako na kuweka kofia sawa.

Mimi na kelele hatuna ugomvi. Nimekulia uswahilini, nimewahi kulala fofofo ukuta mmoja na kigodoro. Kilichonitoa roho ni tiba za bure. Dar es Salaam nzima, inaonekana, ni mafundi wa magari, isipokuwa wanatibu kwa masikio tu.

Jirani alinisubiri getini na msuli wake. "Jirani, hiyo ni vumbi. Mwagia maji." Nikamwagia maji. Gari likalia likiwa safi. Ofisini mwenzangu mmoja wa uhasibu akasema mfumo umeingia hewa. Hewa, kwa taarifa yake, hufanya pedeli iwe laini kama mkate uliolowa chai. Haimfundishi mtu kupiga mluzi. Mlinzi aliniita pembeni akashusha sauti: "Mzee, chunguza. Kuna watu hawapendi kuona mwenzao ana gari." Kondakta wa daladala pale kituoni ndiye aliyefupisha kuliko wote: "Suka, mpe uji huyo!"

Aliyenitisha ni kijana aliyeangalia video kwenye simu, akanishauri nipulizie diski mafuta ya kulainisha kutu. Yaani nipake mafuta kitu pekee kinachonizuia nisiingie chini ya lori la mchanga. Kelele zingeisha, hilo sikatai. Hata marehemu hapigi kelele.

Basi nikaenda kwa fundi. Gereji yake iko chini ya mwembe, ubavuni mwa mama ntilie ambaye meza yake inacheza kiasi kwamba supu unainywa kwa kuivizia. Fundi akapanda, tukazunguka mtaa. Gari kimya. Tukazunguka tena. Kimya cha msikitini. Kama una mtoto unaijua tabia hii: usiku kucha anakohoa, ukimfikisha kwa daktari anacheka na kuomba soda.

"Bosi, mbona gari yako iko poa?" Fundi akaniangalia kwa huruma, nikaanza kujitilia shaka. Ile nashuka tu, akalirudisha nyuma kulipaki kivulini, likapiga yowe mwembe ukadondosha majani. Sijawahi kufurahia aibu kama ile.

Akafungua tairi moja, la mbele kushoto. Kwa nini la kushoto? Kwa sababu ndilo lililokuwa upande wa kivuli. Akazitoa pedi kwa kuzibandua na bisibisi, akazisugua kwenye sakafu ya simenti kama anayesugua visigino. Mgongoni mwa kila pedi palikuwa na kibati chembamba. Akavibandua, na vya upande wa kulia, alipolazimika kuufungua baada ya mimi kulalamika, akavibandua pia. Vinne vyote akavirusha pembeni. "Hivi ni mbwembwe za kiwandani, bosi. Havina kazi." Elfu kumi na tano. Siku mbili nikaendesha kama malaika. Siku ya tatu mbuzi akarudi, na safari hii amekuja na ndugu zake.

Nilikuja kujua baadaye kwamba vile vibati vilikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kuzuia kelele. Breki hulia kwa namna zeze linavyolia. Mgogo akipitisha upinde juu ya waya, upinde hunasa, huachia, hunasa, huachia, waya unatetema na wimbo unatoka. Pedi nayo inapobana diski hunasa na kuachia, zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, mpaka diski nzima inaimba. Kibati kile chenye utando mwembamba hukaa kati ya pedi na pistoni inayoisukuma ili kuumeza mtetemo usisambae. Fundi wangu alikuwa amemnyang'anya mgonjwa dawa na kumdai pesa ya matibabu.

Na ugonjwa wenyewe si wa jana. Mwingereza mmoja wa Birmingham, Frederick Lanchester, alipata hataza ya breki za diski mwaka 1902. Vibanio vyake aliviwekea shaba, metali juu ya metali, na kelele zake zilikuwa za kumtoa mtu ngozi. Nahisi majirani zake nao walimwambia ni vumbi. Mwaka 1907 Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, akaleta wazo la kufunika vibanio kwa asbesto. Kelele zikapungua, magari yakaenda hivyo kwa miongo mingi, kisha ikaja kueleweka kwamba vumbi la asbesto linaua mapafu. Ndiyo maana najikunja nikimwona fundi ameinama kwenye tairi anapuliza vumbi la breki kwa mdomo kama anawasha jiko la mkaa. Pedi zilizomo kwenye kila gari lililopita mikono kumi hazina cheti cha kuzaliwa.

Fundi wa pili alisema nibadilishe pedi. Nikashuka Kariakoo. Muuzaji hakuniuliza gari ni la mwaka gani. Aliniuliza nataka orijino, orijino kabisa, au orijino yenyewe. Mfuko wangu ukajibu orijino ya kwanza, elfu ishirini, boksi lina picha ya gari la mashindano likitoa moto. Humo ndani pedi nne tupu, hakuna kibati wala klipu. Rahisi ghali, nilifundishwa hilo darasa la tatu, na bado nikatoa pesa.

Fundi akafunga kwa dakika ishirini, ufundi elfu kumi, akanikabidhi ufunguo. Nikaondoka. Mita thelathini mbele kuna dada anauza chapati. Nikakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka kwenye zulia kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Nikakanyaga tena, tena, ikashika; bampa likasimama shubiri moja kutoka kwenye karai la mafuta. Dada hakusema neno. Alinyanyua kijiti cha kugeuzia chapati akakielekeza kwangu. Sasa sikiliza: ukibadilisha pedi, zile pistoni zinasukumwa ndani ili pedi nene zipate nafasi. Kabla gari halijaondoka ni lazima pedeli ipigwe pampu mpaka iwe ngumu, la sivyo kanyago la kwanza ni hewa tupu. Fundi nilipomrudia alicheka. "Aa, bosi, nilisahau kukwambia."

Wiki hiyo hiyo shemeji akaazima gari, ana harusi Iringa. Shemeji hanyimwi gari. Ukimnyima utalipia kwa njia nyingine. Alipokuwa anarudi aliushuka mlima Kitonga, na kwa maelezo yake mwenyewe aliushuka "kwa uangalifu sana." Uangalifu wa shemeji maana yake ni mguu juu ya breki kutoka kileleni hadi bondeni, gia ikiwa mapumzikoni. Mlima ule una kona na malori yanayohema. Unashukwa kwa gia ndogo, injini ikizuia, breki ikiguswa na kuachiwa. Vinginevyo pedi zinaungua, uso wake unageuka kioo, na kioo juu ya diski ni zeze lililotiwa ulimbo. Alilileta gari likinuka plastiki iliyoungua na vitunguu, maana Ruaha Mbuyuni alininunulia gunia zima kama shukurani. Vitunguu vilikuwa vizuri. Breki sasa zililia hata nikizifikiria.

Mzee aliyenitibu yupo Mabibo, na nilielekezwa na dereva wa teksi. Nilimpa shikamoo, nikaanza kumwigizia sauti ile kwa mdomo. Nilishakuwa hodari, nilikuwa na yowe la asubuhi, la kona, la kurudi nyuma. Mzee akainua mkono. "Mwanangu, nikiisikia itanisaidia nini? Leta jeki."

Nilitaka kumkumbatia. Miezi miwili, na huyu ndiye binadamu wa kwanza aliyetaka kuona kabla ya kusema.

Alifungua tairi zote mbili za mbele. Vumbi hakulipuliza, alilifuta kwa kitambaa kilicholowa. Akatoa pedi za kushoto akaniwekea kiganjani. Ya nje nene, ya ndani imeliwa ikabaki kama biskuti iliyoanguka kwenye chai. "Unaona? Hawa wawili wanalipwa sawa, anafanya kazi mmoja." Kalipa, ile inayozikumbatia pedi, akanieleza, inatakiwa iteleze juu ya pini mbili ili pedi zibane diski kwa pamoja. Pini yangu moja ilikuwa imeganda kwa kutu. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umetoboka, tundu refu na jembamba, saizi kamili ya ncha ya bisibisi. Sikusema kitu. Nilimkumbuka mtu wa chini ya mwembe.

Kisha akanionesha kitu kilichonivunja nguvu. Kwenye ukingo wa pedi kulikuwa na kijiulimi cha chuma kilichopindwa, na ncha yake inang'aa. Kile kimewekwa pale na waliotengeneza pedi kwa makusudi mazima: pedi ikiisha na kubaki milimita mbili au tatu, ulimi unagusa diski na kupiga kelele ili mwenye gari aende gereji. Kwa hiyo katika makelele yangu yote, mengine yalikuwa ni gari kuniita kwa adabu, na mimi nikaongeza sauti ya redio.

Nikamuuliza na yale ya alfajiri, yanayolia mara tatu au nne kisha yanakoma. "Hayo yaache. Hewa yetu ya pwani ina unyevu; diski ikilala inashika kutu ya usiku mmoja, ukikanyaga mara kadhaa inafutika. Ila siku ukisikia inakwaruza, krrr, kama sufuria kwenye zege, hapo usije na gari. Nipigie mimi nije." Hiyo ni pedi imekwisha kabisa na chuma kinatafuna diski, na diski haiuzwi kwa bei ya pedi.

Yangu aliipima unene. Kuna kiwango cha chini kimechapwa kwenye diski yenyewe, kwangu milimita 20, nami nilikuwa na 20 na nukta nne. Salio la mshahara tarehe ishirini. Akaipitishia msasa, akasafisha pini kwa brashi ya waya, akazipaka grisi maalumu ya breki isiyoyeyuka kwa joto, kidogo, na nyingine kidogo mgongoni mwa pedi. Usoni mwa pedi haigusi kamwe. Nilipotaka kusaidia kwa kidole chenye grisi alinipiga kofi la mkono, mimi mwenye watoto watatu. Pedi mpya, elfu sabini, zilikuja na klipu zake na vibati vyake vinne. Ufundi elfu ishirini. Pedeli aliipiga pampu yeye mwenyewe mara tano ndipo akanipa ufunguo.

Akaniachia kazi ya nyumbani: pedi mpya lazima zizoeane na diski. Nifike mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, nipunguze taratibu hadi kumi bila kusimama, niziache zipoe, nirudie kama mara kumi. Kilomita hamsini kwa saa! Kimara na Ubungo, mchana, mwendo huo nimeusikia kwa wazee tu. Ikabidi niamke Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Raundi ya sita trafiki akanisimamisha. Alilizunguka gari, akanusa dirishani, akaniuliza kwa upole: "Mzee, mbona unaendesha kama unamkimbia mtu halafu unamkumbuka?" Nilimweleza kwamba nafundisha breki. Aliiangalia leseni yangu kwa muda mrefu sana.

Jumla imenitoka laki moja na elfu thelathini na tano, bila mafuta ya kuzunguka, na katika hizo ni tisini tu zilizofanya kazi. Gari sasa likisimama linasimama kimya. Jirani amekuja kunipongeza, anasema ni yale maji.

Juzi nilipita chini ya mwembe, nia yangu ikiwa kudai vibati vyangu vinne, basi tu, kwa ubishi. Fundi hakuwepo. Nikaketi kwa mama ntilie kumsubiri, nikaagiza supu, nikainua bakuli kwa tahadhari niliyoizoea. Halikumwagika hata tone. Nikainama kuchungulia chini. Kila mguu wa ile meza ulikuwa umekalia kibati chake, na utando wake bado mzima.