Kasuku na Mizani

Waungwana wafugao kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu atokaye misitu ya Kongo, wamearifiwa na matabibu wa ndege kwamba mbegu za alizeti, ingawa tamu, zimejaa mafuta na hazina chokaa wala vitamini A ya kutosha. Na hivyo wameazimia kumlisha vidonge vya chakula kilichosagwa na kushindiliwa, ambavyo kwa sura havina tofauti na changarawe. Kasuku, ambaye hakushauriwa, hukitwaa kidonge kwa kucha zake, hukigeuza, hukikagua kwa jicho moja kama kadhi atazamaye hati ya kughushi, kisha hukitupa sakafuni. Matabibu wahimiza subira: mbegu zipunguzwe kidogo kidogo kwa majuma, na ndege, ambaye uzito wake ni gramu 400 hivi, apimwe kila asubuhi, maana mkaidi huyu aweza kufa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Basi bwana mwenye nyumba, ambaye tabibu wake mwenyewe alimkataza mafuta tangu zamani, husimama alfajiri mbele ya mizani, sambusa mkononi, akimsihi ndege kwa taadhima aithamini siha yake; na kasuku humjibu kwa sauti ile ile ya bibi wa nyumba: "Hiyo ya ngapi?"