Saba, sita, tano… puto lisomeke!

Ndugu mchoraji wa vibonzo vya nyumbani, mkono wako tunaukubali. Juma wako anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Sasa tunataka kujua anacheka nini, na maneno yamebanana ndani ya puto kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Tuhesabu kurudi nyuma.

7. Mkia wa puto uelekee mdomoni mwa msemaji. Ukielekea kwa mbuzi, basi mbuzi ndiye aliyekuja kukopa unga.

6. Macho yetu huanzia juu kushoto. Anayetangulia kusema mchore kushoto. Akikaa kulia, puto lake lipande juu ya la mwenzake. La sivyo mkwe ataitikia "Marahaba" kabla hajaamkiwa.

5. Maandishi ya njano ndani ya puto jeupe ni siri yako na kompyuta yako. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka uwiano wa mng'ao usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Msomaji wako yuko kituoni, jua la utosi, mpe nyeusi.

4. Mwaka 1994, Vincent Connare wa Microsoft alimwona mbwa wa katuni akizungumza kwa herufi za Times New Roman, akaona haiwezekani. Ndipo akabuni Comic Sans. Hata mbwa ana haki ya fonti inayomfaa! Chagua moja, ushikamane nayo, ila kwanza ijaribu kwa kuandika NG'OMBE. Baadhi ya fonti za bure hazina ritifaa, na ng'ombe asiye na ritifaa ni ng'ombe aliyekatwa pembe.

3. Vitenzi vyetu ni virefu. "Hawatatusindikiza" peke yake anajaza mstari, na kishawishi ni kupunguza herufi ili aenee. Usimpunguze, mkate. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo pa kukata pako wazi: hawatatu-sindikiza. Programu isiyojua Kiswahili itakukatia "hawatatus-indikiza", na huyo indikiza hatumjui kwao. Kata mwenyewe, kwa mkono. Mistari ya juu na ya chini iwe mifupi, ya katikati mirefu, ifuate umbo la puto.

2. Kwenye kompyuta kila herufi ni jitu. Itume picha kwenye simu, uisome bila kuikuza. Ukikunja uso, ongeza ukubwa. Kwa picha yenye upana wa pikseli 1080, mimi sishushi herufi chini ya ukubwa wa 36. Ihifadhi kwa PNG, maana JPEG iliyobanwa sana hutia ukungu kingoni mwa herufi. WhatsApp nayo hubana picha, hivyo itume kama dokumenti.

1. Andika kabla ya kuchora! Kwenye fremu tupu, weka maneno katika tabaka lake, kwa ukubwa wake wa mwisho. Yazungushie puto, uache nafasi pande zote. Yakizidi maneno 25, yagawe maputo mawili. Kisha ndipo aingie Juma, na akikosa pa kuweka miguu, mchore kuanzia kiunoni. Kile kichekesho chenyewe kipe puto lake peke yake, fremu ya mwisho, chini kulia.