Kwa Heshima ya Mjuaji wa Njia

Madereva husifiwa, makondakta husifiwa, hata Google Maps husifiwa na watu ambao hawajawahi kumsifu mzazi wao. Anayeachwa ni yule mtu mmoja asiyekosekana katika msafara wowote, ambaye gari halijazimwa keshasema: "Nifuateni mimi, mji huu naujua." Leo namsifu yeye. Wetu alikuwa Mjomba, na mji alioujua ni Arua. Aliwahi kupita hapo zamani, usiku, juu ya lori la mzigo, akiwa amelala.

Tulikuwa msafara wa posa kutoka Mombasa: wazee, kina mama, sanduku la kanga, na Mwalimu mstaafu aliyekabidhiwa fedha kwa sababu inajulikana zikishaingia mfukoni mwake hazitoki. Kijana wetu anafanya kazi Kampala. Binti ni Mkakwa wa Koboko, na bibi yake mzaa mama ni Mnubi. Huyo bibi mkumbuke, nitamrudia.

Mjomba alianza kazi kabla hatujaondoka Kampala. Alituandikia sote ujumbe: tukutane Arua Park saa mbili usiku. Arua Park haiko Arua. Iko katikati ya Kampala, ndipo yanapopakiwa mabasi na mizigo ya Nile Magharibi na Sudan Kusini. Sasa kijana mwingine wa msafara alikuwa ametangulia Arua kututafutia malazi. Akausoma ujumbe, akaenda stendi, akauliza Arua Park ni wapi. Bodaboda wa kwanza alicheka tu. Wa pili alimwonyesha ardhi aliyoikanyaga. Wa tatu, mwenye akili ya biashara, akamwambia panda twende, akamzungusha mji mzima na kumshusha palepale alipompakia. Tulipofika kesho yake kijana alikuwa mwenyeji kamili: anajua enyasa inasongwa vizuri wapi, na anajua kwamba mashabiki wa timu ya Onduparaka hawataniwi mpaka umemaliza kula. Angepewa maelekezo sahihi angeshinda chumbani akichaji simu.

Basi lilipovuka daraja la Pakwach, Mjomba alisimama akatangaza kwamba tumefika. Hakusema uongo. Nchi yenyewe inaitwa Nile Magharibi, mto ule ni Nile, na sisi tulikuwa magharibi yake. Mbishi alikuwa kondakta tu, ambaye kwa hesabu zake Arua ilikuwa bado mbele kwa zaidi ya kilomita mia. Lakini Shangazi alikwisha kuteremsha furushi na kuvaa viatu, basi akaona asirudi mikono mitupu, akanunua samaki wakavu. Samaki wale wakakaa chini ya kiti chetu, na kuanzia hapo hadi Arua hakuna abiria aliyekuja kutubana.

Kilele cha utumishi wake kilikuwa siku ya posa yenyewe. Barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko mpaka Oraba, ina urefu wa kilomita 92. Mwisho mmoja ni mpaka wa Kongo, mwisho wa pili ni mpaka wa Sudan Kusini. Humo mtu hapotei, kwa kuwa njia ni moja. Anaweza kukosea upande tu, na kila kosa lina bendera yake. Koboko iko kaskazini ya Arua. Mjomba alitupandisha matatu ya kusini.

Tuliligundua hilo Vurra, mbele ya kizuizi, tukiwa na kanzu na makoti ya posa na bahasha ya mahari. Afisa akauliza tunakwenda wapi. Koboko, akajibu Mjomba, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa nini Koboko imehamishwa. Afisa hakucheka, lakini aliwaita wenzake ili wacheke badala yake. Wabadilisha fedha wakatuzunguka wakidhani tunaingia Kongo kununua vitu. Mwalimu akaikumbatia bahasha kama mtoto mwenye homa. Shangazi, kwa Kiswahili chake cha Lamu, akawaeleza habari yote tangu uchumba, wakamjibu kwa Kiswahili cha sokoni chenye Lingala ndani yake, na nusu saa baadaye alikuwa amepata ushauri wa ndoa kutoka nchi mbili. Tungefuata njia iliyonyooka, Kongo tungeisikia redioni.

Tukageuka. Tukapita Arua tena, tukapita Maracha, na kondakta akaita: "Koboko!" Wenzetu wakaanza kuinuka. Mjomba akawaketisha. "Koboko niijuayo mimi haina lami," akasema. "Hapa bado." Ushahidi huo ulikuwa mzito, hakuna aliyeupinga, tukaenda mpaka Oraba.

Hapo ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini, na magari ya huko huenda kulia ilhali ya Uganda huenda kushoto. Mjomba aliliona lori likivuka na kuhamia upande wetu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Dereva yule kapotea," akasema.

Msimlaumu. Nchi ile yenyewe imewahi kuongozwa na wajuzi wa namna yake. Mwaka 1894 Waingereza waliikodisha kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo, pamoja na sehemu nyingine za eneo la Lado. Leopold alipokufa ikapewa Sudan mwaka 1910. Mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda. Mzee aliyekaa chini ya mwembe wake muda wote huo alisafiri nchi tatu bila kuinuka. Sisi angalau tulilipa nauli.

Na mkuu wa wajuzi wote ni Stanley. Mwaka 1887 alitumwa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, aliyekuwa Wadelai, huko huko Nile Magharibi. Msafara wake aliuanzishia Zanzibar, akachukua Wazanzibari zaidi ya 600 na Tippu Tip mwenyewe. Kutoka Zanzibar hadi Wadelai njia ni ya kuelekea bara. Stanley akawapakia melini, akaizunguka Afrika yote ya kusini hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha akaingia nao msitu wa Ituri kutokea magharibi. Alipolifikia Ziwa Albert mwezi Desemba, hakuwa na mashua, aliiacha nyuma. Ikabidi arudi. Walipokutana hatimaye, Aprili 1888, Emin alikuja kwa meli yake akiwa safi, na ni yeye mwokolewa aliyewapa waokoaji chakula na nguo. Alipofikishwa Bagamoyo mwaka 1889 akafanyiwa karamu, na katikati ya karamu akaanguka kutoka dirishani. Kwenye habari hii yapo ya kuchekwa na yapo yasiyochekwa: wengi wa Wazanzibari wale hawakurudi kwao, na wao hakuna aliyewafanyia karamu.

Lakini askari wa Emin walioachwa nyuma walichukuliwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891, wakaingizwa Uganda, na kizazi cha askari wa namna hiyo ndio Wanubi wa leo. Kwa hiyo huyo bibi wa bi harusi wetu, mwenye chai ya viungo isiyo na mfano, ni tunda la msafara uliokosea njia. Mjomba alipoelezwa hayo hakuona ajabu. Alisema yeye angepita Kongo pia.

Tuliingia Koboko tukiwa tumechelewa sana, ila kiasi chake kilileta mzozo. Simu ya Mjomba ilidaka mtandao wa Kongo pale Vurra, ikajirudisha nyuma saa moja kufuata saa za Kongo, na haikujirekebisha. Kwa Kongo tulikuwa tumechelewa saa tatu. Kwa saa ya mkononi ya Shangazi, saa nne. Sudan Kusini, iliyorudisha saa zake nyuma Februari 2021, ilikuwa upande wa Mjomba. Msemaji wa wenyeji alisikiliza kesi yote kwa adabu, kisha akatoza faini kwa saa ya Uganda. Mwalimu akaifungua bahasha kwa uchungu ulioonekana mpaka safu ya nyuma.

Ni faini hiyo iliyotuozesha. Wazee wa Kikakwa walipouliza sababu ya kuchelewa na kuelezwa Vurra, halafu Oraba, halafu ile Koboko isiyo na lami, walicheka mpaka hotuba tatu zilizoandaliwa zikafutwa na mbuzi wawili wakapunguzwa katika madai. "Shemeji," Shangazi alimwambia Mjomba tulipokuwa tukinawa mikono, "Mungu akuzidishie." Alikuwa hajamtaja kwa heri tangu Pakwach.

Wenyeji watakuja Mombasa kuona kwetu. Wameomba wapokewe na Mjomba na si mtu mwingine, naye keshawatumia maelekezo. Washuke Mariakani, amewaambia. Kutoka hapo ni hatua chache tu kwa miguu.