Saa Mbili Ukutani: Kufanya Kazi ya Dar Ukiwa Berlin

Kabla ya meza, kabla ya kiti cha kuzunguka, nunua saa mbili za ukutani. Moja ya Berlin. Ya pili ibandike karatasi: DAR. Hesabu ya kichwani itakuangusha. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, Dar iko mbele kwa saa moja tu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wajerumani wanarudisha saa nyuma, na pengo linakuwa saa mbili. Dar haigusi saa yake mwaka mzima. Oktoba yangu ya kwanza niliingia kikaoni nimeshanyoosha kola, nikakuta wenzangu wanaagana.

Kisha kubalianeni maneno. "Tukutane saa 3" ya mtu wa Dar ni asubuhi. Mteja Mjerumani akiisoma atatokea alasiri. Andika "saa 3 asubuhi, yaani 09:00 ya Dar". Ni herufi chache, zinaokoa siku nzima.

Kikao hicho, Desemba, kwako ni saa moja asubuhi, na jua la Berlin halichomozi mpaka kama saa mbili na robo. Taa iweke mbele ya uso. Ukiiweka kisogoni, bosi ataongea na kivuli. Shati juu, kikoi chini, soksi za sufu jozi mbili. Chai iwe imeshaingia kwenye chupa kabla hujaketi.

Karatasi usizicheleweshe. Anwani iandikishwe ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Bima ya afya ni lazima kisheria. Kibali cha ukaazi kisome mstari kwa mstari: kinakuruhusu kufanya kazi ya namna hii? Kinachouma zaidi ni mshahara wa shilingi na kodi ya nyumba ya yuro. Omba mkataba utaje yuro, na usione haya kuomba.

Nyumbani nako waambie ukweli, maana wakisikia unafanyia kazi nyumbani wanajua una nafasi. Mimi nilisema, "Shikamoo mama. Mpaka saa kumi na moja za huko niko kazini. Baada ya hapo nakusikiliza wewe tu." Akaelewa. Sasa anapiga saa kumi na moja na dakika moja.

Kwako, majira ya baridi, hiyo ni saa tisa. Pokea ukiwa umeshavaa koti, ushuke naye ngazi sikioni: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi.