Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Kuhusu Mbwa Wasiofuata Utaratibu

Mheshimiwa Waziri,

Naomba radhi kukukatiza shughuli zako nzito kwa jambo dogo kama jino la mbwa.

Maelekezo ya wataalamu wako tunayaheshimu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, arudi siku ya 3, ya 7 na kuendelea. Jeraha la kina lichomwe pia sindano ya kingamwili. Tunatii. Kipande cha sabuni hakikosekani, na pilipili na majivu tumeambiwa tuache.

Tatizo, kama naruhusiwa kuliita hivyo, ni mbwa wenyewe. Hawajui ngazi za rufaa. Wanang'ata kijijini, ilhali chanjo mara nyingi iko hospitali ya wilaya, tena kwa fedha. Mzazi anauza kuku kwa nauli na dozi ya kwanza. Ya pili inaondoka na mbuzi. Ikifika ya tatu anamgeuza mtoto shavu la mguu, anaona kidonda kimefunga, hakina usaha wala joto, anashukuru Mungu na kubaki nyumbani. Nani amlaumu? Kidonda kilichoingiwa na bakteria hujitangaza: kinavimba, kinauma, kinanuka, na zahanati hapo jirani wanatoa antibiotiki. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakina kelele hizo. Kinapanda na mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa wiki kadhaa au miezi. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, karibu kila mara ni kifo.

Sithubutu kukukumbusha kwamba Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, alipewa chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur Julai 1885, kabla mipaka ya nchi yetu haijachorwa. Na kuhusu kuchanja asilimia 70 ya mbwa ili maambukizi yakatike, najua hilo ni la mwenzako wa Mifugo, nisiwagombanishe.

Langu ni ombi moja. Zahanati nyingi zina jokofu la chanjo za watoto, na chanjo ya aliyeng'atwa nayo hutaka nyuzi 2 hadi 8 zilezile. Tafadhali, Mheshimiwa, ikikupendeza na nafasi ikiruhusu, iwekwe humo, dozi zote, bure, kabla ya 2030, mwaka ambao dunia imejiwekea kumaliza vifo vya watu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa.

Mwananchi wako mtiifu,
ambaye bado hajang'atwa.